Zimwi lile halikupasuliwa tumbo

Ilikuwa likizo ya mwezi wa kumi na mbili, mwanangu ana miaka minane. Bibi yake, mama mkwe wangu, alikuwa amekuja kutoka Pangani, na nilitaka jioni moja tukae wote sebuleni tuangalie kitu kimoja. Kava la DVD lilikuwa na msichana mdogo amesimama mbele ya mti mkubwa, mwezi juu yake. Muuzaji akaniambia, "Chukua hii dada, ya watoto, ina majini na binti mfalme." Ilikuwa Pan's Labyrinth, filamu ya 2006 ya Guillermo del Toro wa Meksiko. Nikalipa.

Hata nusu hatujafika, kapteni wa jeshi akamponda kijana uso kwa chupa mbele ya baba yake, kisha akampiga risasi baba. Walikuwa wamejitetea kwamba wanawinda sungura. Kapteni akapekua mfuko wao, sungura akawamo. Mwanangu akajifunika uso kwa kanga ya bibi yake. Nikapeleka mkanda mbele haraka, nikaangukia pabaya zaidi: meza imejaa vyakula, na kichwani pa meza limekaa zimwi jeupe, ngozi inaning'inia, usoni halina macho. Macho yake yako kwenye sahani. Msichana alikuwa ameonywa asionje kitu. Akala zabibu mbili. Zimwi likayaokota macho, likayapachika viganjani, likaanza kumfuata.

Tulifika mwisho kwa sababu binti yangu mkubwa alisisitiza. Msichana anapigwa risasi, damu inamtoka, na papo hapo tunamwona kwenye ukumbi wa dhahabu, baba na mama yake wamekaa kwenye viti virefu vya enzi. Mama mkwe akaniuliza, "Sasa huyu mtoto amekufa, au amekuwa malkia?" Sikuwa na jibu. Akanyanyuka akaenda kusali isha.

Nilikasirika siku nyingi. Niliona nimedanganywa, na zaidi ya hapo niliona hadithi yenyewe imevunja ahadi. Sisi tumekua na mazimwi. Bibi akisema "Paukwa!" ukaitikia "Pakawa!", unajua unakokwenda: zimwi litameza watoto, litameza ng'ombe, litameza mji mzima, halafu atatokea mmoja alipasue, na waliomezwa watoke wazima. Kisha msimulizi anafunga: hadithi yangu imekwisha, ikiwa njema yetu sote, ikiwa mbaya yangu peke yangu. Mtoto analala. Katika filamu hii, ndani ya chumba cha zimwi kuna rundo la viatu vya watoto. Viatu tu. Hakuna aliyetoka.

Hilo rundo la viatu ndilo lililonirudisha kwenye filamu baada ya miaka, safari hii peke yangu. Na jambo la kwanza ninalomwambia mzazi yeyote ni hilo: iangalie peke yako kwanza, yote, hata kama unaona huna muda. Kava halitoshi. Hata tuzo hazitoshi. Filamu hii ilipata Oscar tatu, za upigaji picha, mandhari na urembaji wa nyuso, na hakuna hata moja kati ya hizo inayokueleza kama mtoto wa miaka minane ataweza kulala. Cha kutafuta ni alama ya umri. Uingereza waliipa 15, Marekani waliipa R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Ningeuliza mapema ningejua.

La pili nililikosa kwa uzembe wa jioni ile. Mwanzoni kabisa kuna maneno yameandikwa: Hispania, 1944, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha, na milimani bado kuna watu wenye silaha wanaoupinga utawala mpya. Wakati yanapita mimi nilikuwa namimina juisi. Kwa hiyo nilitazama saa mbili za filamu bila kujua yule kapteni ni askari wa nani. Ni askari wa Jenerali Franco, aliyeshinda vita mwaka 1939 na kutawala mpaka alipofariki 1975. Ukishalijua hilo, viatu vinakuwa na maana nyingine. Waliomezwa na utawala ule hawakutapikwa, na mtu anayesimulia juu yao angesema uongo kama angepasua tumbo la zimwi na kuwatoa wote wakicheka. Bado moyo wangu unataka wangetoka. Lakini nimeacha kusema filamu haina akili.

Tena, mwisho ulikuwa umesemwa mapema. Picha ya kwanza kabisa ni msichana amelala chini, na damu inarudi nyuma kuingia puani mwake. Tulioneshwa kifo chake kabla hatujajua jina lake. Basi ukiona filamu ya namna hii imekuchanganya, kabla ya kutafuta maelezo ya watu wengine rudia dakika zake tano za mwanzo. Na uangalie vitu vidogo. Kapteni hamwoni yule kiumbe nusu mtu nusu mbuzi anayempa msichana kazi, anamwona mtoto anaongea na hewa, na hapo wengi husema ni ndoto tu za mtoto mwenye huzuni. Mimi sikubali. Msichana alifungiwa chumbani, mlinzi mlangoni, akatoka kwa kuchora mlango kwa chaki. Ndoto haimtoi mtu kwenye chumba kilichofungwa. Ila kiumbe yule simwamini. Mwigizaji Doug Jones ndiye aliyevaa ngozi yake, na ndiye huyo huyo aliyevaa ngozi ya zimwi.

Kama watoto wako wameshaiona bila wewe kujua, usiwaambie "ni sinema tu, kalale." Nilisema hivyo, na mwanangu alikuja kitandani kwangu siku nne mfululizo akiwa amekunja viganja, hataki kuviona. Aliyemtuliza ni bibi yake. Alimwambia afungue mikono, akamshika vidole, akamsimulia zimwi la kwao ambalo lilikatwa kidole gumba, na kwenye kidole ndipo watu wote wakatoka, na ng'ombe, na mbwa, na mama aliyekuwa bado ameshika mwiko. Mtoto akauliza, "Na wenye vile viatu, bibi?" Bibi akafikiri kidogo. Akamwambia, "Wale hatujui majina yao, lakini tumeviona viatu vyao."

Sasa ana miaka kumi na sita na ameniomba tuiangalie tena. Nimekubali. Tutaanza na maandishi ya mwanzo, nitasimamisha hapo nimweleze habari za Franco, na ile ya chupa nitamwambia inakuja kabla haijafika.