Nyumba Njema si Mlango

Barua ya wiki hii imetoka kwa mama wa watoto wawili anayeishi Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Anataka familia yake ihamie kitongoji kimoja cha kaskazini mwa jiji ambacho shule zake zinasifika, ili binti yake wa miaka 15, aliye darasa la tisa, na mwanawe wa kiume wa miaka saba waje kuingia vyuo vikuu vya maana. Mumewe hataki. “Mume wangu hajali elimu,” anaandika. “Nilipomwonyesha ile nyumba hakunijibu neno; alikaa akiandika tarakimu nyuma ya bahasha mpaka saa ya kwenda zamu ya usiku ilipofika.” Anaongeza kwamba ikishindikana kabisa, rafiki yake aliyekwisha kuhamia huko yuko tayari kumwazima anwani ya kuandikishia watoto. Anauliza afanye nini ili mume aelewe.

Binti yangu,

Hofu yako naielewa. Mzazi aliyevuka bahari ili wanawe wasome hawezi kulala kwa raha anapoambiwa kwamba mpaka uliochorwa kwenye ramani ndio utakaoamua watoto wake wasomee wapi, na wala hukukosea kuona kwamba mahali pana uzito wake. Huko Texas sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majengo. Mwaka 1973, katika kesi iliyoanzia San Antonio, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba tofauti za fedha zinazoletwa na kodi hiyo baina ya wilaya za shule, yaani maeneo ambayo kila moja huendesha shule zake,  hazivunji katiba ya nchi. Jimbo limejaribu baadaye kuchukua fedha za wilaya tajiri na kuzigawia zile maskini, lakini wenye uwezo wameendelea kununua nyumba kwa kufuata shule, na bei ya nyumba uliyoipenda imekwisha kujumuisha sifa ya shule hiyo.

Hata hivyo, nimeisoma barua yako mara mbili, na katika jambo hili namuunga mkono mumeo.

Tazama ulivyoandika. Jiko la rafiki yako umelieleza aya nzima, marumaru zake na dirisha lake linalotazama bustani. Binti yako amepata sentensi moja tu: kwamba ni wa tatu kati ya wanafunzi 400 wa darasa lake na kwamba “eti hataki kuhama”. Hilo neno “eti” limenisumbua kuliko yote uliyoyaandika. Mtoto aliyefika nafasi ya tatu ndiye mtu wa kwanza wa kuulizwa, na wewe umemweka kando ukaenda kutafuta ushauri kwa mtu ambaye watoto wake hawasomi naye.

Kisha unasema mumeo hajali. Mwanamume asiyejali angekuambia “fanya unavyotaka” akaondoka, au angepiga kelele ili uache kumsumbua. Huyu amegeuza bahasha, akatafuta mahali peupe, akapiga hesabu ya mkopo, kodi ya majengo na bima mpaka muda wake wa kazi ukafika. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, nawe hukulisoma. Kaa naye mkiwa mmepumzika, umwombe akupitishe kwenye kila tarakimu aliyoiandika. Wewe mwenyewe umenieleza kwamba ili mkopo upite itambidi atafute kazi ya pili ya mwishoni mwa wiki. Mtu anayefanya kazi usiku siku tano akiongezewa siku mbili nyingine atalala lini, na mwanao wa miaka saba atasomewa hadithi na nani?

Sasa nikueleze jambo ambalo rafiki yako hakukuambia, pengine kwa kuwa halijui. Sheria ya Texas ya mwaka 1997 inavitaka vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo vimpokee mwanafunzi wa Texas aliyemo katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake, shule yake iwe ya kitongoji cha matajiri au ya mtaa wa vibarua. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, ambacho waombaji wake ni wengi mno, kimeruhusiwa kubana zaidi, na kwa wanaoingia kuanzia vuli ya 2026 kinatazama asilimia 5 ya juu, kwa nafasi ya mwanafunzi ilivyo mwishoni mwa darasa la 11. Katika darasa la watu 400, asilimia 5 ni watu 20. Binti yako ni wa tatu. Ukimhamishia shule ambayo nusu ya darasa imelelewa na walimu wa ziada tangu utotoni, na ambayo ina namna yake ya kupima alama za mwanafunzi anayehamia, unamwondoa mahali ambapo mlango wa chuo umeanza kumfungukia na kumpeleka kuanza foleni upya, bila rafiki na bila mwalimu hata mmoja anayemjua kwa jina. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na kwa binti huyu msala wenyewe haujapita bado.

Iko na hesabu nyingine inayotia uchungu zaidi. Tangu vuli ya 2025, vyuo vikuu vya mfumo wa University of Texas vinagharamia karo na ada za lazima za mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliye mkazi wa jimbo, anayesoma muda wote na aliyejaza fomu ya msaada wa fedha, ikiwa mapato ya familia yake hayazidi dola 100,000 kwa mwaka. Umenidokeza kwamba mapato yenu nyote wawili yako chini kidogo ya kiwango hicho. Hiyo kazi ya pili unayomtakia mumeo inaweza kuwavusha juu yake, akawa amejichosha mwaka mzima kulipia nyumba, na papo hapo binti amepoteza karo ambayo angelipiwa yote.

Kuhusu anwani ya kuazima, sitazunguka. Usifanye. Kutoa taarifa za uongo katika fomu ya kuandikisha mtoto shule ni kosa la jinai Texas, na mwaka 2011 katika jimbo la Ohio mama mmoja alilala jela siku kadhaa kwa sababu ya kuwaandikisha mabinti zake kwa anwani ya babu yao. Adhabu hiyo iliwatia watu wengi hasira, nami naiona ilikuwa katili, lakini hasira ya watu haikumtoa jela. Kwa mhamiaji, hukumu ya namna hiyo hufuata mpaka kwenye maombi ya uraia. Zaidi ya hayo, utakuwa umemfundisha binti wa miaka 15 kusema uongo kila anapoulizwa anakaa wapi.

Barua za aina yako zimekuwa nyingi, na zinanihuzunisha, kwa sababu ndoa za siku hizi zimeanza kuongozwa na macho ya watu wa nje. Mke anaona picha ya nyumba ya shoga yake, au mume anaona gari la mwenzake wa kazini, na kuanzia hapo aliye ndani ya nyumba anageuka kuwa kikwazo cha maendeleo. Mtoto ndiye anayetangulizwa mbele ya hoja, kwa maana hakuna anayethubutu kumpinga mzazi anayesema “ni kwa ajili ya watoto”. Sisemi kwamba huwapendi wanao. Unawapenda, na ndiyo maana umeandika. Nasema kwamba kumwita baba yao asiyejali elimu, ilhali yeye ndiye anayekesha kazini ili wale na wasome, ni dhuluma, na ninataka umwombe radhi kabla hamjaanza kuzungumza habari za nyumba yoyote.

Amebaki mwanao mdogo, na kwake yeye nakuachia mlango wazi. Katika miaka ya 1990 serikali ya Marekani ilifanya jaribio katika miji mitano, Chicago na Boston ikiwemo, ambapo familia za makazi ya kimaskini zilipewa kwa bahati nasibu msaada wa kodi ya pango ili zihamie mitaa yenye nafuu. Mchumi Raj Chetty na wenzake walipowafuatilia watoto hao wakiwa watu wazima, waliona kwamba waliohama kabla ya kufikisha miaka 13 walikwenda chuo kwa wingi zaidi na kupata kipato kikubwa zaidi, ilhali waliohama wakiwa wameuvuka umri huo hawakupata faida hiyo. Ninyi hamtoki kwenye umaskini wa namna ile, kwa hiyo usiichukue habari hii kuwa ahadi. Ila mwanao ana miaka saba, muda anao, na binti atakapokuwa amemaliza shule mnaweza kuitazama ramani upya mkiwa na akiba na bila kazi ya pili.

Wakati huohuo, wilaya ya shule ya Dallas mnayoishi ina shule za vipaji zinazoingiwa kwa maombi bila kujali mtaa, na mojawapo, sekondari ya wenye vipaji iliyoko Townview, imewahi kuwekwa katika nafasi za juu kabisa Marekani nzima. Katika barua yako ndefu hukutaja hata moja. Nenda katika ofisi ya wilaya pamoja na mumeo siku ambayo hayuko zamu, mkaulize tarehe za maombi na vigezo vya mtoto wa umri wa mwanao, na jioni yake umketishe binti yako, umuulize anataka kusomea nini, kisha umsikilize mpaka amalize.

Shangazi