Usiifunike chokaa kwa saruji

SWALI: Shikamoo Mzee. Nyumba ya marehemu babu hapa Kirumba ni ya mawe, na plasta yake ya chokaa inabanduka karibu na msingi. Fundi anataka kuitoa yote apige saruji. Mwanangu kanionyesha picha za Plas Mawr, nyumba ya kale ya Wales. Ile imedumuje? – Mama Neema, Mwanza

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie fundi asubiri kwanza.

Plas Mawr iko mjini Conwy. Robert Wynn aliijenga kati ya 1576 na 1585, kuta za mawe zikapakwa chokaa. Ndani, dari na sehemu za juu ya meko zimejaa nembo za plasta zenye herufi zake, R.W. Mimi nimepiga plasta miaka mingi, na kazi ile naiheshimu sana. Wynn alipofariki mwaka 1598, wosia wake ulizua kesi ndefu ya mirathi, kwa hiyo hakuna aliyeibomoa wala kuibadilisha. Ilipokarabatiwa miaka ya 1990, kuta za nje zilirudishiwa chokaa.

Chokaa hupumua. Unyevu ukipanda kutoka ardhini hutokea kwenye viungo vya mawe na kukauka. Saruji huufungia ndani, ukuta unaoza taratibu huku kwa nje unang'aa.

Chimbeni kwanza mtaro wa maji ya mvua. Nyumba ikiwa mlimani, huumizwa na maji yanayotoka juu. Kisha mzibe palipobanduka tu, kwa chokaa na mchanga uliochekechwa.

Na hiyo mirathi ya babu, mama, imeshaandikwa?