Kumdanganya ofisa wa serikali ya Marekani: majibu kwa wasomaji

Sikuapa wala sikutia sahihi popote. Je, maneno matupu yanaweza kunishtakisha?

Ndiyo. Kifungu cha 1001 cha Sura ya 18 ya sheria za shirikisho la Marekani hakihitaji kiapo. Uongo uliosemwa mlangoni huhesabiwa sawa na ule ulioandikwa kwenye fomu, mradi jambo lenyewe liwe chini ya mamlaka ya serikali ya shirikisho. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au miaka 8 ikiwa uongo unahusu ugaidi.

Na nikikana tu kwamba sikufanya kosa?

Hapa ndipo wengi hunaswa, kwa hiyo naomba nisikilizwe kwa makini. Zamani baadhi ya mahakama za rufaa ziliwaachilia waliotamka "hapana" tu ili kujitetea, lakini mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliuondoa msamaha huo katika kesi ya James Brogan. Huyu alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Maofisa walimfuata nyumbani wakamuuliza kama aliwahi kupokea fedha au zawadi kutoka kwa kampuni ambayo chama chake kiliwawakilisha wafanyakazi wake, naye akajibu hapana, ilhali wao tayari walikuwa na kumbukumbu zinazoonyesha kwamba alipokea. Jibu hilo fupi likawa kosa jingine. Jaji Ruth Bader Ginsburg aliunga mkono hukumu, ila alionya kwamba sheria pana namna hii huwapa waendesha mashtaka uwezo wa kuzalisha makosa, na mimi naona onyo lake lilikuwa la haki kabisa.

Nilitaja tarehe isiyo sahihi kwa kusahau. Nimevunja sheria?

Hapana. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba ulijua unasema uongo, ukakusudia kuusema, na kwamba uongo huo ungeweza kuathiri uamuzi wa serikali. Si lazima, hata hivyo, ofisa awe ameuamini.

Maofisa wakibisha hodi, nifanye nini?

Marekebisho ya Tano ya Katiba yanakulinda usilazimishwe kujitia hatiani. Hayamlindi anayechagua kudanganya. Sema kwa adabu kwamba utazungumza ukiwa na wakili wako, kisha usiongeze neno. Martha Stewart, mfanyabiashara maarufu wa Marekani, alizungumza. Shtaka la udanganyifu katika biashara ya hisa lilitupwa na jaji, lakini mwaka 2004 alitiwa hatiani kwa makosa yaliyojumuisha kuwadanganya wapelelezi, akatumikia kifungo cha miezi 5.

Nikirudi kesho yake kusema ukweli, kosa linafutika?

Halifutiki, kwa kuwa hukamilika pale uongo unapotamkwa, na kifungu hiki hakina utetezi wa kujirekebisha. Kujirekebisha mapema kunaweza kuathiri uamuzi wa kushtaki au ukubwa wa adhabu, lakini hatua hiyo ipitie kwa wakili, usirudi peke yako.