Kwa mnaoanza utangazaji wa umma kusini: dini haikai kwenye kipindi cha dini peke yake

Wadogo zangu mnaopangiwa Mtwara na Lindi kwa mara ya kwanza, mtaani mtaulizwa mapema sana, tena kwa kuzungukazunguka, ninyi ni dini gani. Mara nyingi jina litajibu kabla yenu. Ukiitwa Salum kuna watakaokuangalia vizuri unaposhuka na kamera mbele ya kanisa Masasi. Ukiitwa Petro, Kilwa Kivinje nako watakuangalia vilevile. Msikasirike. Televisheni ya umma inaendeshwa kwa fedha za watu hawa, nao wana haki ya kujua maiki imeshikwa na nani.

Wanaotoka vyuoni huja na jibu tayari: wape Waislamu nusu saa Ijumaa, Wakristo nusu saa Jumapili, mambo yamekwisha. Hapo ndipo pepesi kuliko pote. Dakika zinahesabika, na mtu akilalamika unamfungulia ratiba ya vipindi mnasoma pamoja. Upendeleo unaouma unakaa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwenye kipindi cha afya, kwenye kipindi cha utamaduni, na kwenye picha inayopita sekunde tano bila mtu kuisemea neno.

Chukueni mwezi mwandamo. BAKWATA, baraza kuu la Waislamu nchini lililoundwa mwaka 1968, hutangaza Idi kupitia kwa Mufti, na kituo cha umma huonyesha swala na Baraza la Idi kwa kufuata tangazo hilo. Lakini katika miji yetu hii wapo Waislamu wanaofuata mwezi ulioandama popote duniani, nao wakati mwingine huwa wameshaswali jana yake. Mtangazaji mgeni akisoma "Waislamu wote nchini wanasherehekea Idi leo," amewafuta watu hao kwa sentensi moja, na walioswali jana wanakaa mbele ya king'amuzi wakijiuliza wao ni nani. Sema nani ametangaza, na wanaomfuata wanaswali lini. Si lazima uingie kwenye ubishi wa mwezi. Mashehe wenyewe hawajaumaliza.

Mambo ya Ramadhani yana mtego mwingine, huu wa jiografia. Mtwara na Kigoma zimeachana kwa takriban nyuzi kumi na nusu za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Jua la Kigoma linachelewa kuzama kwa wastani wa dakika 40 hivi likilinganishwa na la Mtwara, kutegemea majira. Ndiyo maana adhana ya magharibi inayorushwa nchi nzima lazima iandikwe chini ya skrini kwamba ni kwa Dar es Salaam na vitongoji vyake. Nimesikia watu wakiliita jambo hili dogo. Mwambie hivyo aliyefungua saumu yake kabla ya wakati kwa kuiamini televisheni.

Nayo maulidi? Kwa wengi wa pwani hii maulidi ni sehemu ya maisha, yana kaswida, dufu na pilau. Kwa wengine ni bidaa, yaani uzushi katika dini, isiyofaa hata kutazamwa. Upande wa Kikristo, kanisa lenye mapadre na liturjia halitazami ibada za miujiza na uponyaji kwa jicho moja na makanisa ya kipentekoste. Kwa hiyo ukisema "tumewapa Waislamu" au "tumewapa Wakristo", uliza ni wepi. Mara nyingi utakuta ni walewale ambao mhariri ana namba zao za simu. Sheikh anayepokea simu haraka na padre mwenye gari wanageuka kuwa dini nzima.

Halafu kuna ramani ambayo wageni huichora kichwani: pwani ni Uislamu, bara ni misheni. Ina ukweli wake. Kilwa Kisiwani kuna magofu ya msikiti mkuu wa karne nyingi, na eneo hilo limo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1981. Masasi, misheni ya Waanglikana ya UMCA ilileta watumwa walioachwa huru mwaka 1876. Ndanda, Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakaweka makao mwaka 1906. Lakini nenda Newala au Nachingwea uingie nyumba moja tu: bibi ni Mwislamu, mjukuu anaimba kwaya, mjomba haendi kokote isipokuwa kwenye makaburi ya wazee. Wanazikana bila taabu. Ripoti inayowagawa kwa pwani na bara ni ya uvivu.

Na tafadhali msitaje asilimia. Sensa ya mwisho kuuliza dini nchini ilikuwa ya 1967. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walidai swali hilo lirudi, na wengine wakahimiza watu waisusie sensa, lakini swali halikurudi. Yeyote anayekupa takwimu ya dini ya mkoa huu leo anakupa makisio, na wewe ukiisoma hewani umeipa mhuri wa taifa.

Kipindi cha afya nacho kina lake. Hospitali kubwa za Ndanda na Nyangao zilianzishwa na wamisionari, kwa hiyo kamera ikienda huko itarudi na masista na misalaba ukutani. Ni picha za kweli, usizifiche. Ila kama kila anayetibu kwenye picha zako ni sista na kila anayeugua amevaa ushungi, mtazamaji wa Lindi atakisoma kisa ambacho hukukiandika. Vituo vya serikali vipo, wauguzi wa kila namna wapo. Panga picha kwa mwezi mzima, usingoje siku ya kuhariri.

Ninayoyaogopa zaidi ni jando na unyago, kwa sababu yanawekwa kwenye fungu la utamaduni na hakuna anayeyakagua kama dini. Huku yana dini ndani yake. Pwani dua husomwa. Masasi, Askofu Lucas wa Waanglikana tangu miaka ya 1920 aliweka jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku, jambo lililozua mabishano kanisani kwenyewe. Sasa mtayarishaji anakuja na kamera, anawaita makungwi "wanaodumisha mila zilizopitwa na wakati", kisha anamkaribisha mchungaji au ustaadhi atoe hukumu ya mwisho. Kungwi hana msemaji wa baraza lake, hana barua yenye nembo ya kulalamikia. Mpe nafasi ya kujibu kabla hujafunga kipindi. Na yale anayokwambia si ya kuonyeshwa, zima kamera kabisa.

Mtakutana pia na hoja kwamba tufunge mlango, televisheni ya umma isiguse dini. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 husomwa hapo: kueneza dini ni hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Marekani wamekwenda karibu na huko. Mwaka 2009 bodi ya PBS, mtandao wa televisheni za umma huko, ilizuia vituo wanachama kuanzisha vipindi vipya vya kidhehebu, ikaviacha vilivyokuwapo, ikiwamo misa ya Kikatoliki iliyokuwa ikionyeshwa na kituo kimoja cha New Orleans. Uingereza wamekwenda njia nyingine: BBC ina vipindi vya ibada miaka nenda rudi, na wasio na dini wamelalamika sana kuachwa nje ya tafakuri fupi ya asubuhi ya Radio 4. Kwangu mimi, kufunga mlango hapa ni kosa. Ukiondoa Idi na Pasaka kwenye skrini ya taifa, watu wa kusini hawataona kutopendelea. Wataona kuchukiwa, na watahamia kwenye redio za dini zao ambako hawatamsikia jirani kabisa.

Ninachokubali kutoka Marekani ni kitu kimoja kilichomo kwenye sheria yao ya utangazaji wa umma ya 1967: uwiano unaangaliwa kwenye mfululizo wa vipindi pia. Huwezi kumweka sheikh, askofu na kungwi kwenye kila habari ya dakika mbili, utapata mzaha. Lakini kwa miezi mitatu lazima uwiano uonekane.

Muda wa hewani ambao dini hulipia sitausemea sana. Ukiuzwa kwa bei moja kwa wote, mwenye sadaka kubwa atanunua jioni yote na msikiti mdogo wa Liwale hautaonekana. Ni suala la wakubwa wenu, ninyi ulizeni tu kikaoni, kwa adabu.

Mkipokea simu ya malalamiko, msianze kujitetea. Mwambieni, "Shikamoo mzee, kipindi gani, saa ngapi?" Andikeni. Wengi wakiona wameandikwa wanapoa, na kwa wachache wenye hoja nzito mtakuwa na kumbukumbu kama suala litafika Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Wekeni daftari jingine la nani amehojiwa, wa wapi, kwa suala gani, na kama alisema kwa niaba ya watu au kwa niaba yake mwenyewe. Mkihamishwa, liacheni mezani, maana anayekuja baada yenu ataanza na namba zilezile za simu asipolikuta.