Mafuta ya samaki kwenye dripu ya chakula: yanasaidia ini, hayatibu utumbo

Mkuu mleta uzi, nianze kwa kurudia swali lako kwa faida ya wanaoingia sasa. Mtoto wa dada yako ana kilo 4, yuko hospitalini Marekani, sehemu kubwa ya utumbo mwembamba imekatwa baada ya kujisokota. Analishwa kwa mshipa, macho yamegeuka njano, na madaktari wanataka kuacha mafuta ya soya wampe ya samaki. Unauliza kama jambo hili ni la kweli na kama mnaweza kumpa vidonge vya dukani. Mchangiaji mmoja hapo juu, ambaye kaka yake anaumwa Crohn (ugonjwa wa uvimbe wa kudumu wa utumbo), naye amedakia kwamba mafuta hayo hayo yanautibu. Kazi yangu ni famasia, upande wa kuchanganya mifuko hii ya lishe, kwa hiyo nitajibu kwa vipimo.

Nianze na hilo la Crohn maana linapotosha. Majaribio mawili makubwa, EPIC-1 na EPIC-2, yaliyochapishwa 2008, yaliwapa wagonjwa wa Crohn gramu 4 za omega-3, aina ya mafuta yaliyomo kwenye mafuta ya samaki, kwa siku kwa mdomo. Ugonjwa ulirudi karibu sawa na kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Miongozo ya Ulaya ya lishe kwa magonjwa ya uvimbe wa utumbo nayo haishauri omega-3 kwa ajili hiyo. Kwenye dripu, mafuta ya samaki yana kazi nyingine: kulinda au kuokoa ini la mtu ambaye utumbo wake haumtoshi.

Ini linaumiaje? Dripu ya chakula ina glukosi, asidi amino, madini, vitamini na mafuta. Mafuta yaliyotumika miaka mingi ni ya soya. Intralipid ya Msweden Arvid Wretlind ilianza miaka ya mwanzo ya 1960 na imeokoa watu wasiohesabika. Tatizo ni kwamba soya ina steroli za mimea, vitu vinavyofanana na kolesteroli. Kwa mdomo utumbo unazizuia nyingi zisipite, lakini kwenye mshipa zinaingia zote. Mojawapo, stigmasteroli, inaonekana kuzuia kipokezi kinachoamuru seli za ini kutoa nyongo. Juu ya hapo soya ina omega-6 nyingi na vitamini E kidogo ya aina ya alfa. Nyongo inakwama, mtoto anakuwa njano. Ya samaki karibu hayana steroli hizo, yana EPA na DHA (ndizo omega-3 zake), na yana vitamini E ya kutosha.

Mwaka 2006 kundi la Boston Children's Hospital, wakiwemo Mark Puder na Kathleen Gura, walichapisha habari za watoto wachanga wawili wenye utumbo mfupi ambao maini yao yalipata nafuu baada ya kubadilishiwa mafuta. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha Omegaven, yaani mafuta ya samaki ya kupitisha mshipani, 2018 kwa watoto ambao nyongo imekwama kwa sababu ya lishe ya mshipani. Kwa hiyo madaktari wenu hawabahatishi. Kipimo kinachotazamwa ni bilirubini (rangi ya njano ya nyongo) ya moja kwa moja, ile ambayo ini limeshaichakata, na mpaka wake kwa kawaida ni 2 mg/dL, yaani kama 34 kwa vipimo vya mikromoli kwa lita. Bilirubini ya jumla peke yake haitoshi kuamua.

Sasa hesabu. Dozi ni gramu 1 kwa kilo kwa siku. Omegaven ni asilimia 10, maana yake gramu 10 kwenye mililita 100. Mtoto wa kilo 4 anahitaji gramu 4, ambazo ni mililita 40. Anaanzishwa kwa mwendo usiozidi mililita 0.2 kwa kilo kwa saa, kwake ni 0.8 kwa saa, kwa dakika 15 hadi 30 za kwanza. Akivumilia, mwendo unapandishwa taratibu. Ukomo ni 1.5 kwa kilo kwa saa, yaani 6 kwake, ila hakuna sababu ya kuukaribia: mililita 40 kwa saa 12 ni 3.3 tu kwa saa. Mafuta yakipita kwenye mrija wake yenyewe unaoungana na ule wa dripu (kiungo cha Y) yasizidi saa 12 yakiwa yananing'inia, kwa sababu vijidudu huyapenda. Kukimbiza mafuta ni hatari hasa kwa njiti, ambao huyaondoa kwenye damu polepole. Yanaweza kujikusanya kwenye mapafu.

Hapa ndipo kosa la kawaida linapotokea. Intralipid na SMOFlipid (mchanganyiko wa mafuta manne, ya samaki yakiwemo) zinazotumika wodini kwa kawaida ni asilimia 20. Mtu akibadilisha aina ya mafuta bila kubadilisha namba kwenye pampu, mililita 40 zilezile zinabeba gramu 8, na mtoto amepata mara mbili. Muulizeni nesi gramu, msiulize mililita.

Kosa la pili ni kusahau nishati. Kama alikuwa kwenye soya gramu 3 kwa kilo, alikuwa anapata takriban kilokalori 120 za mafuta kwa siku. Mililita 40 za Omegaven zinatoa kama 45. Pengo la 75 lisipozibwa mtoto anaacha kuongezeka uzito, na lawama zinaangukia mafuta ya samaki bure. Huzibwa kwa glukosi, kwake ni kama gramu 22 za ziada, lakini kwa kupandisha polepole huku sukari ikipimwa, maana glukosi ikizidi nayo inajaza ini mafuta.

Chujio la mafuta ni la mikroni 1.2, karibu na mgonjwa. Lile la 0.22 ni la mfuko wa maji usio na mafuta; ukipitisha mafuta humo linaziba na pampu inapiga kelele. Pampu ikilia, tatizo litafutwe na chujio libadilishwe. Kulitoa ili kelele iishe ni kuruhusu chembe za kalsiamu na fosfeti zifike kwenye mapafu, na weupe wa mafuta unazificha usizione. Mafuta yakiganda kwenye baridi ya friji, yanatupwa. Utando mweupe juu ya chupa unarudi ukigeuzwa polepole, ila ukiona michirizi ya njano au matone ya mafuta yaliyojitenga, hiyo imevunjika na haifai.

Damu ya vipimo ichukuliwe kabla ya kuanza mafuta ya siku hiyo. Mafuta hukaa kwenye damu saa 5 hadi 6 baada ya kusimamishwa, na yanaweza kupotosha bilirubini, hemoglobini na kiwango cha oksijeni. Triglisaridi, yaani mafuta kwenye damu, kwa mtoto mchanga zikivuka kama 250 mg/dL, mafuta hupunguzwa. Zikizidi 1,000 hayapewi kabisa. Mwenye mzio mkali wa samaki au yai naye hapewi, maana kiini cha yai ndicho kinachoshikilia mafuta yachanganyike na maji. Hali kadhalika mwenye tatizo kubwa la kuvuja damu.

Kwa kuwa mafuta ya samaki yana asidi linoleiki kidogo, ambayo ni mafuta muhimu mwili usiyoweza kuyatengeneza, wapime mara kwa mara uwiano wa trayini na tetrayini, aina mbili za asidi za mafuta kwenye damu. Ukipita 0.2 mtoto ana upungufu wa mafuta muhimu. Ngozi inakauka na kumenyuka, vidonda havifungi.

Msitegemee macho kuwa meupe wiki ya kwanza. Bilirubini inaweza hata kupanda kidogo kabla ya kushuka, na kawaida ni suala la wiki nyingi. Pia ikishuka, makovu kwenye ini yanaweza kuwa yamebaki, kwa hiyo kliniki ya ini isiachwe.

Vidonge vya dukani: hapana. Ndani ya mshipa ni kifo. Kwa mdomo, mtoto asiye na nyongo ya kutosha wala utumbo wa kutosha ataharisha tu, na soya bado itakuwa inaingia kwenye dripu. Kwa maoni yangu, kuondoka kwa soya ni sehemu kubwa ya faida. Ndiyo maana penye soya peke yake, kama ilivyo hospitali nyingi, madaktari hushusha dozi hadi gramu 1 kwa kilo au chini yake, wakichunga uzito na mafuta muhimu. Si sawa na Omegaven, lakini ni bora kuliko kuendelea na gramu 3.

Na ndugu mwenye kaka wa Crohn: kama utumbo wake umeshindwa na yuko kwenye dripu ya muda mrefu, aulizie SMOFlipid. Ina soya 30, mafuta ya mnyororo wa kati 30, mzeituni 25 na samaki 15 kwa mia. Mtu wa kilo 60 akipewa gramu 1 kwa kilo, ni mililita 300, na ndani yake gramu 9 ni za samaki. Kama bado anakula na utumbo unamtosha, hahitaji dripu.

Jambo moja ambalo halijaguswa kwenye uzi huu: maambukizi ya katheta (mrija unaokaa mshipani) yanaharibu ini kwa kasi, hata mafuta yakiwa sahihi. Mtoto akirudi nyumbani na dripu, homa ya nyuzi 38 ni kwenda hospitali usiku huohuo. Na maziwa ya mama, hata mililita chache kwa saa kama madaktari wameruhusu, yaendelee. Nyongo huanza kutembea utumbo unapopewa kazi.