Je, anayekupenda lazima ajue yaliyo moyoni mwako bila ya kuambiwa?

Assalaam alaykum. Dada yetu ameuliza kama aombe talaka kwa sababu mumewe, ambaye hampigi, hamnyimi matumizi wala hana mwanamke mwengine, haoni anapokuwa na huzuni mpaka aambiwe. Shoga zake wamemhakikishia kwamba mwanamume anayependa kwa dhati huyajua ya mkewe bila ya kuambiwa. Nimeoa muda mrefu hapa Wete, Pemba, na kwa kuwa mimi ni mkubwa katika ukoo wetu, huitwa mara kwa mara katika vikao vya sulhu vya jamaa. Nitajibu kwa niliyoyaona huko.

Kauli hiyo ya shoga zako imenifikishia ugomvi mwingi kuliko umaskini, na kuliko hata uke wenza. Nayo ina mizizi kwetu, kwa sababu tumelelewa katika kusema kwa mafumbo. Mwanamke aliyeudhika hununua doti ya kanga yenye maneno yanayomhusu mumewe, akajifunga na kupita nayo mbele yake tangu asubuhi hadi magharibi, akingoja isomwe. Mwanamke mwenziwe angeisoma kabla hajafika mlangoni. Sisi wanaume tulio wengi tunaona rangi tu, na wapo wanaosifu kwamba imewapendeza wake zao. Hapo kununa huanza, na mume asiyejua kosa lake hudhani kwamba amechokwa.

Wanaume nao wana fungu lao katika dhana hii. Msimu wa karafuu mume hushinda shambani, akirudi huwaza ujira wa wachumaji wanaolipwa kwa kipimo cha pishi, na huku karafuu zake zimo juu ya majamvi na wingu limetanda, naye anajua zikinyeshewa zitaharibika kabla hajazifikisha kituoni kuliuzia Shirika la serikali linalonunua karafuu. Hula kimya na kulala kimya, akiamini kwamba mkewe anaelewa. Mke haelewi, anachokiona ni mtu aliyebadilika, na majirani hawakosi kumpa tafsiri.

Mke wangu alilikata jambo hili mapema. Tulipokuwa bado wageni ndani ya ndoa aliniambia kwamba yeye hakuolewa na mpiga bao, yaani mpiga ramli, wala yeye si mpiga bao, kwa hiyo nikiwa na dhiki niitaje, naye atataja yake. Lilikuwa zito kwangu, maana mwanamume anayemweleza mkewe wasiwasi wake huonekana dhaifu mbele ya wenzake, lakini tumeishi hivyo hadi leo, na ugomvi wetu, ambao upo, huwa ni juu ya jambo linalojulikana. Na tukirejea katika dini, Surat Ar-Rum, aya ya 21, inataja mapenzi na huruma baina ya mume na mke. Kujua yaliyomo vifuani, tumefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba ni kwa Mwenyezi Mungu peke Yake.

Kuna aliyemjibu dada huyu kwa kuandika kwamba mume asiyekagua simu ya mkewe hampendi. Sikubaliani naye hata kidogo. Wakaguzi wa simu niliowasuluhisha walikuwa wakitafuta kutawala, na kila walipokosa walichokitafuta walizidi kutafuta.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla ya kutaja talaka mwambie mumeo waziwazi kinachokuhuzunisha na unachokitaka kwake, wakati nyote wawili mmetulia, bila ya kanga na bila ya kumtuma wifi. Asiyejua na aliyeambiwa akapuuza si watu wa aina moja, nawe hujapata bado nafasi ya kumjua wako ni yupi. Akipuuza baada ya kuambiwa mara kadhaa, Surat An-Nisaa, aya ya 35, imeelekeza achaguliwe msuluhishi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke, na kadhi yupo kwa yatakayoshindikana hapo. Lau angekuwa anakupiga nisingekushauri kungoja kikao cha wazee. Ningekwambia uende polisi kwenye dawati la jinsia. Utakapomchagua msuluhishi wa upande wako, mtafute anayethubutu kukwambia kwamba umekosa. Mama mdogo anayekuunga mkono kwa kila neno hafai kwa kazi hiyo, na shoga hao wasiitwe kabisa.