Jazi kwenye ibada ya jioni: tuanze na dramu

Msomaji ameniandikia: usharika wao unataka ibada ya Jumapili jioni, isiyo na urasmi mwingi, yenye bendi ya jazi. Waanzie wapi? Jibu langu huwaudhi wapiga dramu, lakini ndilo hilo: punguzeni dramu.

Kwanza jueni ibada ni ya nani. Saint Peter's, kanisa la Kilutheri la New York, lilianza ibada zake za jazi mwaka 1965 chini ya Mchungaji John Garcia Gensel. Wanamuziki wanaokesha kazini Jumamosi hawaamki kwa ibada ya asubuhi, ndiyo maana saa kumi na moja jioni ikawafaa. Ninyi mnamfuata nani?

Kinanda, besi ya kusimama na dramu vinatosha, saksofoni ni nyongeza. Dramu ya mguu iwe ya inchi 18, si 22, chini yake zulia la mita 2 kwa 2, na mpigaji atumie brashi badala ya vijiti. Kanisa la mawe lenye mwangwi wa sekunde 3, wimbo ukienda kwa mapigo 160 kwa dakika, mapigo manane yanarundikana hewani kwa pamoja. Matoazi ndiyo yanayoharibu zaidi, maana hayanyamazi. Kaeni kati ya mapigo 80 na 110 kwa dakika. Msiwekee dramu maikrofoni. Dramu ikipanda, fundi mitambo anaongeza sauti ya mwimbishaji, spika zinaanza kupiga mluzi, na lawama anabebeshwa fundi. Punguzeni bendi!

Sasa nyimbo, hapa ndipo wengi wanapokwama. Kinanda kitangulize mstari wa mwisho kwa mwendo uleule watakaouimba, ili watu wajue pa kuingilia. Shusheni Do mpaka noti ya juu kabisa isizidi D, la sivyo wanaume watanyamaza. Ubeti wa kwanza na wa pili upigwe kama ulivyo kitabuni. Wa tatu mpiga kinanda aweke kodi zake za jazi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), lakini kwaya iache sauti nne na kuimba sauti ya kwanza tu, kwa sababu sauti ya pili na ya tatu zitagongana na kodi mpya, na watu watadhani kwaya imepotea. Wimbo wa mapigo matatu uacheni hivyohivyo, msiulazimishe uwe wa manne. Maneno yatasisitizwa pasipostahili.

Halafu solo, pale mpigaji mmoja anapobuni muziki wake huku wengine wakimsindikiza. Mzunguko mmoja, yaani kuupitia wimbo mara moja, ukiwa na mapigo 128 kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, ni sekunde 80. Wapigaji wanne, kila mmoja mizunguko miwili, ni karibu dakika 11 waumini wameketi wakitazama. Hilo ni tamasha, ndugu zangu. Kati ya beti apige mmoja, mzunguko mmoja. Wakati wa sadaka waachieni wajimwage.

Wazee wakisema huu ni muziki wa baa, waambieni Duke Ellington, kiongozi maarufu wa bendi ya jazi wa Marekani, alipiga tamasha lake takatifu ndani ya kanisa kuu la Grace Cathedral, San Francisco, mwaka huohuo wa 1965. Wakikataa bado, anzeni na besi na kinanda tu.

Na wapigaji walipwe. Kiasi kikubaliwe kabla ya mazoezi, na nauli ya besi iwe ndani yake, kwa sababu chombo kile hakipandi daladala.